Taa ya Njano na Vitabu vya Gari

Katika kabati langu la vitabu hapa Mhunze, kati ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu na vitabu vya mbinu za kufundishia, kuna rundo la karatasi zilizofungwa kwa kamba ya katani. Zina alama za vidole vya grisi, na ukurasa wa kwanza haupo. Wajukuu wangu huuliza kwa nini babu, mwalimu mkuu mstaafu asiyejua kufungua hata plagi, anazitunza karatasi hizo kuliko vyeti vyake. Nimeona heri niandike jibu lake mara moja.

Mwaka 1996 mimi na mke wangu tulinunua Hiace ya dizeli iliyotumika Japani. Fedha zilitokana na pamba, ng'ombe wachache na mkopo mdogo. Wakati huo Mhunze ilikuwa bado katika Wilaya ya Shinyanga Vijijini. Wilaya ya Kishapu ilikuja kuundwa mwaka 2002. Magari ya abiria yalikuwa ya kuhesabika, nasi tulitegemea kwamba gari hilo lingetulipia ada za watoto. Ndani ya kisanduku cha mbele tulikuta kijitabu kizuri chenye picha za rangi, kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Nilikigeuza-geuza kama mtu ashikaye barua ya mwenzake, nikakirudisha nilikokitoa.

Kwa watu wa rika langu hali hiyo ilikuwa ngeni. Tulipokuwa vijana magari ya Usukumani yalikuwa Land Rover, Peugeot na malori ya Bedford ya kubebea pamba. Ufundi ulikaa mahali pawili. Kwanza ni karakana za mgodi wa almasi wa Mwadui, jirani zetu hapa, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940 ukawa mji kamili wenye shule, hospitali na uwanja wake wa ndege. Pili ni gereji za Wahindi mjini Shinyanga, ambako kijana aliingia kuosha vyuma, akapanda kuwa spana boi, na baada ya miaka akawa fundi kwa macho na masikio. Kitabu kilikuwapo, lakini kilikaa ofisini kwa mwenye gereji, kwa Kiingereza. Spana boi hakukiona ila siku ya kufuta vumbi.

Hapa nikiri jambo linalonihusu kama mwalimu. Nilipokuwa Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa UNESCO wa elimu ya watu wazima wenye manufaa, ulioendeshwa mikoa ya Ziwa tangu 1968 hadi 1972. Vitabu vya kusomea vilihusu pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe. Mkulima alijifunza herufi kwa neno alilolishika kwa mkono kila siku. Lilikuwa wazo zuri mno, na nililifundisha kwa imani. Lakini kitabu cha namna hiyo kwa ajili ya injini sikukiona, wala sikumsikia mtu akikiulizia, nami mwenyewe sikukiulizia. Tulidhani mafundi si wasomaji.

Baada ya 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na zaidi katika miaka ya Rais Mwinyi, magari ya Japani yaliingia kwa wingi, na ujuzi wa Peugeot haukutosha tena.

Sasa nije kwenye taa. Mapema mwaka 1998 taa ndogo ya njano iliwaka mbele ya dereva, na juu yake herufi za Kizungu: T-BELT. Fundi wetu, kijana mwenye gereji chini ya mwarobaini karibu na mnada, aliniuliza, "Mwalimu, hapa pameandikwaje?" Nilivaa miwani. Belt najua ni mkanda. Nikamwambia kwa sauti ile ile ya darasani kwamba ni mkanda wa abiria, na kwa kuwa hakuna mtu Mhunze anayefunga mkanda, aitoe balbu isitusumbue. Akaitoa. Hakubisha. Nani abishane na mwalimu mkuu kuhusu Kiingereza?

Msomaji anayejua magari ameshashika kichwa. Injini zile za Toyota za dizeli zina mkanda wa mpira, ambao mafundi huuita taimingi belti, unaounganisha kreni shafti na kamshafti ili valvu zifunguke na kufungwa kwa zamu na pistoni. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ile huwaka kukumbusha hivyo. Mkanda ukikatika, valvu iliyobaki wazi hupigwa na pistoni inayopanda.

Ulikatika mwezi Julai, msimu wa pamba, tukiwa tunampeleka mama mkwe wangu hospitali ya Kolandoto. Injini ilizimika bila kishindo, kama mtu aliyenyamaza katikati ya sentensi. Nilipowasha tena, stata ilizunguka kwa wepesi wa ajabu. Tulikaa kando ya barabara tangu saa nne asubuhi hadi jua lilipokaribia kuzama. Mama alikuwa amelazwa kwenye kanga juu ya kiti cha nyuma, akipumua kwa shida na kuniambia, "Baba, usihangaike." Lori la pamba ndilo lililotuokoa. Alitibiwa, akapona, akaishi miaka mingine mingi. Lakini mtoto wetu wa pili hakurudi shule muhula ule, kwa maana ada yake ilikwenda kwenye valvu na silinda hedi. Sikumweleza mtu kuhusu balbu. Fundi naye alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angenisuta.

Ndipo nikaanza kutafuta kitabu. Dar es Salaam, kwa wauza vitabu vya zamani, nilipata kimoja cha Haynes chenye jina la Hiace jaladani. Historia ya vitabu hivyo inapendeza. John Haynes alikuwa mwanajeshi wa anga wa Uingereza aliyekuwa Aden mwaka 1965. Mwenzake alinunua gari bovu aina ya Austin-Healey Sprite, na kitabu cha kiwanda hakikumfaa mtu wa kawaida. Basi wakalifungua lote na kulifunga upya huku Haynes akipiga picha kila hatua. Kitabu kilitoka 1966, na nakala 3,000 ziliisha kabla ya miezi mitatu. Kampuni iliendelea hivyo, gari kwa gari, hadi mwishoni mwa 2020 ilipotangaza kwamba haitachapa tena vitabu vya magari mapya.

Changu kilikuwa cha Hiace za zamani za petroli. Kwa injini yetu hakikuwa na msaada wowote. Nililipa bei ya gunia la mahindi kujifunza jambo ambalo ningeweza kulisoma bure kwenye bamba la gari: kwamba jina la gari halitoshi. Bamba letu lilianza na LH, na hiyo L ni jamii ya injini ya dizeli. RZH ni petroli. Tangu hapo, kabla ya kutoa fedha, ninamtaka muuzaji anionyeshe namba ya injini ndani ya kitabu chenyewe. Jalada silitazami tena. Tena kuna vitabu vya namna tatu ambavyo watu huvichanganya: kile cha mwenye gari, kinachosema oili gani na lini, kile cha kiwanda, kinachosema boliti ikazwe kwa nguvu kiasi gani, na orodha ya vipuri, ambayo haifundishi kitu lakini huokoa safari ya dukani.

Cha kiwanda nilikipata Mwanza mwaka 1999, kivuli cha kivuli, kwa mzee aliyewahi kufanya kazi migodini. Ndilo rundo lile kabatini.

Jioni baada ya shule nilikipeleka chini ya mwarobaini. Mwadila, mwadila, tukakaa. Mimi nilisoma Kiingereza, naye akanieleza kilichosemwa, maana mara nyingi nilitamka maneno nisiyoyaelewa na yeye akayaelewa kwa kutazama mchoro. Nilitaka kuandika Kiswahili sanifu daftarini. Yeye alicheka akasema, "Mwalimu, andika rejeta, andika propela, andika shokapu. Ukiandika hayo mengine nitamwita nani anisomee?" Nikaandika rejeta. Ukurasa wa mkanda tuliuandika wa kwanza, na alipomaliza kuusikiliza aliingia garini bila neno akairudisha balbu mahali pake. Alikuwa ameitunza katika kopo la njugu miezi yote ile.

Tulijaza madaftari mawili. Mgodi wa Geita ulipoanza kazi mwaka 2000, vijana wengi wenye mikono walielekea huko, naye alikwenda mwaka uliofuata. Aliniomba madaftari, nikampa.

Gari niliuza 2009 kwa kijana wa kutoka Maganzo. Aliuliza kuhusu redio na matairi. Nikamwonyesha taa iliyozimika na kumwambia kwamba siku ikiwaka asicheleweshe.

"Hiyo si ya mkanda wa abiria, Mwalimu?"

Nikamwambia azime gari kwanza, aingie ndani, tukafungue kabati.