XT500, Jabali la Dakar

Mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar yaliondoka Ufaransa tarehe 26 Desemba 1978. Aliyeibuka mshindi Januari 1979 ni Mfaransa Cyril Neveu, juu ya Yamaha XT500. Mwaka 1980 akashinda tena.

Pikipiki hii iliingia sokoni 1976, bila stata ya umeme. Ni kiki tu, na injini ya silinda moja, cc 499, humrudishia teke asiyeijua. Dawa ni kidirisha cha kioo kwenye kichwa cha silinda. Mwendeshaji hubana kishikio kidogo kilicho kushoto mwa usukani ili kupunguza mgandamizo, hukanyaga kiki polepole mpaka alama itokeze dirishani, huachia, kisha hupiga mara moja, kwa nguvu.

Tangi la oili je? Mnunuzi asihangaike kulitafuta: oili imo ndani ya fremu.