Utayari wa nafsi kwa askari wa mstari wa mbele

Askari wa doria amesimamisha gari usiku kwenye kizuizi cha barabarani. Ghafla dereva anainama na kupeleka mkono chini ya kiti. Moyo wa askari unakwenda mbio, macho yanaganda kwenye ule mkono, na mwenzake anayemwita kutoka upande wa pili hamsikii. Huenda dereva anatafuta leseni tu. Uwezo wa kuona, kusikia na kuamua sawasawa katika sekunde hizo ndio unaoanza kuitwa utayari wa akili. Ni vyema tuupime msemo huu kabla haujazoeleka.

Mafunzo ya askari yana neno la siku nyingi: ukakamavu. Linafaa gwarideni, ila limetokana na kukakamaa, na kukakamaa ndiko kunakomponza askari pale kizuizini. David Klinger, aliyekuwa polisi Los Angeles kabla ya kuwa mtaalamu wa masuala ya jinai, aliwahoji askari 80 wa Marekani waliowahi kuwafyatulia watu risasi. Wengi walisimulia jinsi walivyoona kitu kimoja tu mbele yao, au jinsi mlio wa bunduki ulivyofifia masikioni. Wala si woga. Ndivyo mwili wa binadamu unavyokabili hatari. Kwa hiyo hata neno ujasiri halitoshi, tena lina dhuluma ndani yake: askari aliyezidiwa ataitwa mwoga, na hakuna atakayeuliza alifundishwa nini.

Basi akili je? Katika mazungumzo ya kila siku, akili ni ya kufikiri na kufaulu mitihani. Ukitaja matatizo ya akili, msikilizaji anawaza hospitali za wagonjwa wa akili kama Mirembe au Mathari. Ni askari gani atajiandikisha kwa hiari katika kozi yenye jina hilo, na wenzake kambini wanamtazama? Mimi nachagua utayari wa nafsi. Tayari tunalo neno elimunafsi kwa saikolojia, na nafsi inabeba hofu, hasira na fikra kwa pamoja.

Na huo utayari hufunzwa. Judith Andersen wa Chuo Kikuu cha Toronto na Harri Gustafsberg wa polisi ya Ufini walichapisha mwaka 2016 utafiti uliofanywa miongoni mwa askari wa kikosi maalumu cha Ufini. Askari walifundishwa kufuatilia mapigo ya moyo wao kwa kifaa na kuyatuliza kwa kupumua taratibu, kisha wakaingizwa katika matukio ya kuigiza. Waliamua vizuri zaidi lini watumie nguvu kuliko wenzao waliopata mafunzo ya kawaida. Mazoezi ya aina hii kwa kawaida hushusha pumzi hadi kama sita kwa dakika, na pumzi ya kutoka huwa ndefu kuliko ya kuingia.

Utayari wa nafsi si afya ya akili, ingawa huitegemea. Askari anayelala chumba kimoja na familia nyingine, wakitenganishwa na pazia, hafiki kizuizini akiwa na nafsi iliyopumzika. Ndiyo maana nchini Kenya jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililokabidhi ripoti yake mwaka 2023, lilishughulikia ustawi wa askari sambamba na nidhamu yao.

Limebaki neno utendaji, yaani jinsi askari anavyoifanya kazi yenyewe. Likiandamana na utayari wa nafsi, lisipimwe kwa idadi ya waliokamatwa. Mkufunzi atazame kama askari alimsikia mwenzake, kama alimwamuru dereva kwa sauti inayoeleweka, na kama maelezo aliyoandika kituoni yanalingana na kilichotokea.