Kitambulisho cha Kitisho: Picha, Uvumi na Ugothiki wa Sinema katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Katika Kiswahili, maneno kitambulisho na utambulisho yamezaliwa na kitenzi kimoja lakini yakalelewa katika nyumba mbili. Kitambulisho ni kadi ambayo serikali humpa raia na askari humdai usiku. Utambulisho ni sura ambayo mtu, kikundi au kampuni hujichagulia ili ijulikane. Makala hii inachunguza mahali maneno hayo mawili yanapokutana, yaani katika picha ya kutisha. Swali lake ni la kihistoria: lebo ya sinema za kutisha, zile zinazopendwa na hadhira ndogo lakini sugu, hujengewaje sura moja ya picha? Na sura ya namna hiyo hupata maana gani inapofika katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambako picha ya uso ina historia yake yenyewe?

Hoja inayotetewa ni kwamba ugothiki wa Ulaya hutisha kwa kuficha, ilhali kitisho cha Eastlands, kama kinavyodhihirika katika uvumi, katika kumbukumbu za Hali ya Hatari na katika riwaya, ni kitisho cha kutambuliwa. Tofauti hiyo isipozingatiwa, picha za kigothiki zinazopigwa Nairobi hubaki kuwa mavazi ya kuazima, na historia ya wenyeji hugeuzwa pambo.

Lebo na sura yake

Istilahi ya gothiki iliingia katika fasihi ya Kiingereza kupitia riwaya ya Horace Walpole, The Castle of Otranto, ya mwaka 1764. Tangu hapo ilifungamana na mandhari maalumu: kasri lililochakaa, kanisa kuukuu, kaburi, ukoo wa kibwanyenye uliooza. Sinema iliurithi urithi huo, na video ikaufanya kuwa bidhaa ya rafuni.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nigel Wingrove alianzisha lebo ya Redemption, iliyotoa kwa kaseti filamu za kutisha za bara la Ulaya, zikiwamo za Jean Rollin wa Ufaransa na Jesús Franco wa Uhispania. Filamu hizo zilitofautiana mno kwa ubora, mwaka na nchi. Kilichoziunganisha kilikuwa jalada. Badala ya kutegemea picha zilizotoka katika filamu zenyewe, lebo ilitumia sana picha zilizopigwa upya studioni: nyeusi na nyeupe, mwanamke mwenye uso uliopauka, kivuli kizito na wekundu uliotumiwa kwa uchache. Mnunuzi aliitambua lebo kabla hajasoma jina la filamu.

Ikumbukwe kwamba Wingrove alikuwa tayari amegongana na dola kwa sababu ya picha. Filamu yake fupi, Visions of Ecstasy ya mwaka 1989, ilinyimwa cheti kwa hoja ya kukufuru, na mwaka 1996 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kunyimwa huko hakukuvunja haki yake ya kujieleza. Kwa hiyo utambulisho wa lebo ulijengwa juu ya ukaidi: jalada lilimwambia mnunuzi kwamba hiki ni kitu ambacho wakubwa hawakitaki. Lakini ukaidi huo ulikuwa na kinga yake. Mwanamke wa jaladani alikuwa mwanamitindo aliyekubali kupigwa picha. Giza lililomzunguka lilipangwa kwa taa, na kazi ilipokwisha taa ziliwashwa akaenda nyumbani. Nukta hii ni ya msingi katika ulinganishi unaofuata.

Nchini Kenya nako dola ilitambua mapema uzito wa picha inayoitangulia filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inaweka bango pamoja na filamu miongoni mwa mambo yanayopaswa kukaguliwa. Mbele ya sheria, bango ni sehemu ya onyesho.

Kitisho kisicho na picha

Kabla ya kaseti kufika, Eastlands ilikuwa na mkusanyo wake wa visa vya kutisha. Pumwani ilianzishwa na serikali ya mji mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makazi rasmi ya Waafrika. Pangani ya zamani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Miaka ya 1940 ikaleta Kaloleni na Ziwani. Katika mitaa hiyo ulienea uvumi wa wazimamoto, watu waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku na kuwatoa damu kwa ajili ya wazungu. Pwani walijulikana kwa neno la kale zaidi, mumiani, ambalo kamusi ya Krapf ya 1882 tayari ililihusisha na dawa iliyosemwa kutengenezwa kwa damu ya binadamu.

Mwanahistoria Luise White, katika makala ya 1993 kuhusu magari na kisha katika kitabu chake cha 2000, alionyesha kuwa visa hivi havifai kupuuzwa kama ushirikina. Anasisitiza kwamba wasimulizi walijali maelezo ya kazi: sare, vifaa, magari, zamu, mishahara. Gari lilikuwa jekundu au la kijivu. Mengine yalisemwa hayana madirisha wala taa. Mnyonya damu wa Nairobi hakuwa bwana wa kasri mwenye chonge na joho. Alikuwa mwajiriwa. Alikuwa na mkubwa wake, gari lake na kituo chake.

Hapa ndipo ugothiki wa Eastlands unapoachana na ule wa Otranto. Kasri la Ulaya linatisha kwa kuwa ni la kale na limetelekezwa. Kituo cha wazimamoto kinatisha kwa kuwa ni kipya na kinafanya kazi. Isitoshe, kisa hiki kiliishi mdomoni. Kilikuwa na rangi, sauti na mwendo, lakini hakikuhitaji picha, na labda nguvu yake ilitokana na hilo: kila msikilizaji aliliona gari kwa jicho lake mwenyewe.

Gunia na uso

Kama Eastlands ina taswira moja ambayo mpiga picha yeyote wa kigothiki angeiona kuwa yake, ni ile ya gakunia, neno la Kikikuyu lenye maana ya kigunia. Tarehe 24 Aprili 1954, chini ya Jenerali George Erskine, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na kupitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia kuanzia kichwani, yaliyotobolewa matundu ya macho tu. Aliyefunikwa alitikisa kichwa au kunyosha kidole. Aliyetambuliwa alipelekwa Lang'ata, na kutoka hapo Mackinnon Road au Manyani. Waliozuiliwa walipita 20,000.

Tazama jinsi mpangilio wa kigothiki ulivyopinduliwa. Katika sinema ya Ulaya, aliyefunikwa uso ni zimwi, na kumfunua ni kilele cha hadithi. Katika gwaride la Anvil, aliyefunikwa ni jirani. Anayetisha ana macho lakini hana uso. Anayetishwa ana uso, na uso huo ndio unaomwangamiza. Wala si giza linaloogopwa, kwani zoezi lilifanyika mchana kweupe. Kwa watu ambao tangu 1920 hivi walilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyao, kutambuliwa hakukuwa heshima, kulikuwa hatari.

Ndiyo maana picha ya studio, iliyopendwa sana mijini Afrika Mashariki, haina budi kusomwa kama jibu. Mteja alijichagulia nguo, mkao na pazia la nyuma. Pale alikuwa na utambulisho badala ya kitambulisho. Hata Omar Said Bakor wa Lamu, aliyekata na kuunganisha picha kwa ufundi unaoshangaza hadi leo, aliyapindua maumbile ili kumpamba mteja, si kumtisha mtazamaji.

Kutoka hadithi za picha hadi kava za video

Picha iliyosimulia hadithi ilifika kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1960. Jarida la African Film la kampuni ya Drum lilimleta Lance Spearman, mpelelezi aliyeigizwa na Jore Mkwanazi. Picha zilipigwa kusini mwa Afrika lakini zilisomwa Nairobi, Lagos na Accra. Tanzania, Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo (1965), alianzisha jarida la Film Tanzania kwa mtindo huohuo. Katika hadithi hizi giza lilikuwepo, ila kwa kazi moja tu: kumpa mpelelezi kitu cha kuangazia. Mwelekeo huo unalingana na ule wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ambamo hofu ya mzimu inaishia katika kosa la binadamu, na Bwana Msa hulifumbua kwa akili.

Video iliubadili mkataba huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya filamu za Nigeria kuenea, Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitoa Nsyuka, na kisha Shumileta (2005), yenye jini wa kike. Claudia Böhme, aliyezitafiti filamu hizi, amezieleza kuwa viraka vilivyoshonwa kutoka Nollywood, Hollywood na masimulizi ya wenyeji. Kava za filamu za video za wakati huo zilifuata mantiki tofauti na ile ya Redemption. Hazikuficha kitu. Zilijaza nyuso za waigizaji, herufi kubwa na rangi kali, kwa kuwa zilishindania jicho la mpita njia kati ya kava mia nyingine. Ni kosa la uhakiki kuuita wingi huo upungufu wa ladha. Katika soko ambamo mnunuzi humfuata mwigizaji anayemjua, uso unaotambulika ndio dhamana ya bidhaa.

Eastlands yenyewe ilikuwa na bango lake linalotembea: matatu. Miili ya magari hayo ilichorwa wanamuziki, wanamichezo na mashujaa wa sinema, mpaka kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004 zilipolazimisha mstari wa manjano na kufuta michoro. Baadaye zuio hilo lililegezwa na michoro ikarudi. Mtu akilisoma gari hili kando ya lile la wazimamoto, ukinzani unajitokeza wenyewe: lile halina madirisha, taa wala jina; hili ni taa tupu, na jina lake limeandikwa mbele na nyuma.

Riwaya kama shahidi

Fasihi iliuona mapema ugothiki huu wa kazi na magari. Katika The Slums ya Thomas Akare (1981), iliyowekwa katika Majengo, Pumwani, mhusika Eddy Chura analala ndani ya gari bovu. Gari ambalo katika uvumi wa kizazi kilichotangulia lilibeba watu na kutowarudisha, hapa halibebi mtu popote. Limekuwa nyumba, nusura liwe jeneza. Akare hatumii zimwi wala mzimu. Anachofanya ni kuliacha gari lisimame, na msomaji anatambua kwamba mji ulioahidi mwendo umewaegesha vijana wake. Huu ni ugothiki usiohitaji kasri, na pengine ni mwongozo bora kwa mpiga picha kuliko jalada lolote la London.

Gharama ya picha

Suala hili halikuishia katika historia. Mwaka 2017, Mathare Social Justice Centre ilichapisha ripoti iliyokusanya visa vya watu waliouawa na polisi Mathare bila kufikishwa mahakamani. Katika miaka hiyohiyo, picha za vijana wa Eastlands zilisambazwa katika mitandao ya kijamii kwa majina ya kificho yaliyohusishwa na polisi: kwanza picha ya onyo, ya kijana akiwa hai, kisha, mara kadhaa, picha ya maiti yake. Anayesambaza hana uso, anayeonyeshwa anao. Muundo ni uleule wa gakunia, ila gunia sasa ni jina la bandia.

Mbele ya picha hizo, mtu anayetaka kuijengea sinema ya kutisha sura ya kigothiki kwa kutumia vichochoro vya Dandora au kuta za Kaloleni anakabiliwa na swali ambalo Redemption haikulazimika kulijibu. Mwanamitindo wa London aliazima mauti kwa saa moja. Kijana wa Kayole anayepigwa picha gizani, uso umepakwa damu ya bandia, anaingia katika mkusanyo wa picha ambamo wenzake hawakuigiza. Hoja hapa si kwamba sinema hiyo isitengenezwe. Kuizuia kungekuwa kurudia kazi ya mkaguzi. Hoja ni kwamba maana ya picha hiyo imekwisha kuandikwa nusu kabla kamera haijafunguliwa.

Hitimisho

Imeonekana kuwa utambulisho wa picha wa lebo ya kutisha ni tendo la uhariri: huchagua, hufuta na kulinganisha mpaka filamu zisizofanana zionekane ndugu. Imeonekana pia kwamba Eastlands ilikuwa na malighafi ya kutosha kwa tendo hilo, kuanzia gari jekundu hadi gunia lenye matundu mawili, lakini kwamba malighafi hiyo inadai sarufi tofauti. Kitisho chake kiko mchana, kina sare na orodha ya majina. Mhakiki wa sinema za kutisha za Afrika Mashariki atafanya vyema kuacha kupima kiasi cha kivuli katika picha na kuuliza swali ambalo wazee wa Pumwani na Bahati walilijua vizuri: katika picha hii, nani anaonekana, na nani anatazama akiwa amejifunika?