Sime ya Babu: Tuitambue, Tuitunze

Ndugu zetu wa Kerende, mlio nyumbani na mlio mbali,

Katika nyumba nyingi za kwetu bado ipo sime ya babu, imechomekwa darini au imefungwa gunia. Familia moja kijijini iliipeleka ya kwao kwenye mashine ya kunolea. Ilirudi inang'aa kama panga la dukani, na alama zote za nyundo ya mhunzi zimekwisha. Kijana aliyeipeleka alidhani anaitengeneza.

Tuanze na kuitambua. Sime ina makali pande zote mbili, nayo hupanuka kidogo kabla ya ncha. Mpini wake ni wa mti, mara nyingi umevikwa ngozi, na hauna kinga ya mkono. Iliyofuliwa na mhunzi haina unene sawa, na mara nyingi ina mgongo katikati ya bapa. Iliyokatwa kwenye panga au springi ya gari huwa bapa tupu. Ukikuta mhuri wa Solingen, chuma hicho kimetoka Ujerumani. Sheffield au Birmingham, Uingereza. Lakini mhuri pekee hautoi umri. Wajerumani waliotutawala kutoka boma kama la Ikoma waliondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza, lakini bidhaa zao ziliendelea kuuzwa duniani. Kwa hiyo muulize mzee: ilikuwa ya nani, aliipataje, aliibeba wapi? Andika majibu hayo leo, kwa maana mzee akiondoka huondoka nayo.

Kuitunza si kazi ngumu. Usiinoe, wala usiisugue kwa msasa. Ule weusi ni umri wake. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha paka mafuta mepesi ya cherehani, kidogo sana. Samli na mafuta ya kupikia huganda na kunata. Usiihifadhi ndani ya ala, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Viweke kando kwa kando. Ukiishika kwa mkono mtupu, ifute tena, kwani jasho lina chumvi.

Hatufichi kwamba sime hizi zimemwaga damu pia, katika wizi wa ng'ombe na mapigano ya koo. Ndiyo sababu tunataka zitoke mikononi mwa vijana wenye hasira na ziwekwe mahali watoto watajifunza yote mawili, ushujaa na hasara yake. Wapo pia wanunuzi wanaopita wakitoa bei ya kitoweo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza vitu vya asili kutolewa nchini bila kibali.

Wenzetu wa Butiama wana makumbusho ya Mwalimu tangu 1999. Sisi tunaomba kidogo: kabati moja la kioo lenye kufuli, na daftari la kuandikia historia ya kila kifaa. Kifaa kitabaki mali ya familia yake. Changia unachoweza, na ukija nyumbani likizo, uliza ilipo sime ya babu.