Bodi ya Babu, Chasisi ya Mjukuu

Leo naweka programu na seva kando kidogo nizungumzie magari. Msiwe na haraka ya kunikimbia, maana mkifika mwisho mtaona kwamba sijatoka mbali na kazi yangu.

Ukikaa kando ya Barabara ya Mombasa kwa muda, huenda ukaona gari likipita uchi. Lina injini, fremu, magurudumu na usukani, na dereva amejifunga koti huku upepo ukimpiga. Hiyo ni chasisi inayopelekwa kwa watengenezaji wa bodi. Matatu nyingi kubwa tunazopanda Nairobi zilianza maisha hivyo: chasisi ya lori la Isuzu, ikavishwa bodi na mafundi wa hapa kwetu. Kwa hiyo Mkenya hahitaji kufundishwa kwamba chasisi ni kitu kimoja na bodi ni kitu kingine.

Kule Marekani kuna mafundi wanaoitumia elimu hiyohiyo kwa njia nyingine. Wao bodi yao ndiyo kongwe, na chasisi ndiyo mpya. Wanachukua pikapu ya miaka ya 1950 iliyooza chini, wanainyanyua bodi yake, na kuiweka juu ya chasisi ya gari lililotengenezwa miaka 40 baadaye. Swali lililonivuta ni hili: inawezekanaje vitu viwili vilivyobuniwa na watu ambao hawakuwahi kuonana vikakubaliana?

Ilivyokuwa mwanzo

Jibu liko kwenye historia. Magari ya kwanza yalirithi desturi ya magari ya kukokotwa na farasi. Fundi mmoja alijenga sehemu ya kwenda, mwingine akajenga sehemu ya kukaa. Rolls-Royce, kabla ya Vita Vikuu vya Pili, ilikuuzia chasisi tu yenye injini. Bodi ulikwenda kuagiza mwenyewe kwa mafundi kama Barker au Park Ward. Tajiri aliyechoka na sura ya gari lake aliweza kuivua na kuvisha nyingine.

Henry Ford naye, alipoanza kuuza Model T mwaka 1908, alitumia fremu iliyo peke yake na bodi juu yake. Utengano huo ulimfaa sana kiwandani. Pale Highland Park, mfumo wa kusogeza magari mbele ya wafanyakazi ulioanza mwaka 1913 ulipunguza kazi ya kuunganisha chasisi kutoka saa 12 na nusu hadi saa 1 na dakika 33. Bodi ilishushwa juu yake baadaye.

Sisi watu wa programu tuna neno kiolesura, yaani pale sehemu mbili zinapokutana na kuelewana. Kiolesura kikiwa wazi, unaweza kubadilisha upande mmoja bila kuvunja mwingine. Kwenye magari ya zamani kiolesura hicho kilikuwa bolti chache na vipande vya mpira. Hakuna aliyeziweka akiwafikiria mafundi wa kesho, ila ndizo zilizowafungulia mlango.

Mpaka ulipofutika

Halafu kukaja wazo jingine. Mwaka 1922 Lancia ilionyesha Lambda, gari ambalo bodi yake ndiyo iliyobeba mzigo, bila fremu ya peke yake. Mwaka 1934 Citroën ikatoa Traction Avant, na wazo hilo likaingia kwenye uzalishaji mkubwa. Mwaka 1941 Nash nayo ikalipeleka kwa wanunuzi wa kawaida Marekani kwa gari lake la Nash 600.

Faida zake si za kubisha. Gari la namna hiyo ni jepesi, halipindiki ovyo, linakaa chini zaidi, na mhandisi anaweza kupanga ni wapi chuma kijikunje wakati wa ajali. Lakini mpaka umefutika. Premio au Vitz inayotoka Japani na kuishia barabara zetu haina fremu ya kuchomolewa. Kutu ikila sehemu zinazobeba mzigo, imekula gari lenyewe. Mtu wa programu atalitambua jambo hili mara moja. Ni ule mfumo mmoja mkubwa unaokwenda kasi vizuri, ambao siku ukitaka kubadilisha sehemu moja unakuta kila kitu kimeshikana na kila kitu.

Magari ya kazi hayakufuata njia hiyo. Malori na pikapu nyingi zilibaki na fremu yake. Hapo ndipo mchezo wetu unapopata uwanja.

Mfano mmoja wa kupima

Tuchukue mfano unaopendwa sana Marekani. Kuanzia mwaka 1947 hadi mapema 1955 Chevrolet iliuza pikapu za mviringo ambazo wengi mmeziona kwenye sinema. Ni nzuri kutazama, ila kuziendesha ni kazi: ekseli ya mbele ni chuma kimoja kilichonyooka juu ya springi za majani, na breki zote ni za dramu. Ukikanyaga shimo kwa gurudumu la kushoto, la kulia nalo linapata habari.

Miaka mingi baadaye kampuni hiyohiyo ilitengeneza pikapu ndogo iliyoitwa S-10, kuanzia mifano ya 1982 hadi 2004. Hii ilikuwa na magurudumu ya mbele yanayojitegemea na breki za diski mbele, na tangu 1988 ungeweza kuipata na injini ya V6 ya lita 4.3.

Sasa pima. Kwenye pikapu kongwe ya nusu tani, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 116. Kwenye S-10 yenye kitanda kirefu cha mizigo ni inchi 117.9. Tofauti haifiki hata sentimita 5! Ndugu hawa hawakupangiwa kukutana, lakini vipimo vyao vinakaribiana kiasi kwamba fundi anaweza kuipatanisha tofauti hiyo.

Msidhani ni kazi ya kushusha bodi na kukaza nati. Vishikio vya kebini lazima vikatwe na kuchomelewa upya. Nguzo ya usukani inatafutiwa njia mpya, rejeta inajengewa mahali pake, na nyaya za umeme zinapangwa upya. Magurudumu ya S-10 yamekaribiana zaidi, hivyo yanazama ndani ya bodi pana mpaka utafute rimu za kuyasogeza nje. Kiungo kimoja kikichomelewa vibaya, unayempeleka barabarani ni abiria, si bodi. Kwenye programu hitilafu hukuamsha usiku. Hapa huua.

Sasa gari ni lipi?

Hapa ndipo ninapopenda zaidi. Ukimaliza kazi hiyo, umebaki na gari la 1950 au la 1990?

Sheria mara nyingi hujibu kinyume cha macho. Uingereza, kwa miaka mingi, ilihesabu alama ili kuamua kama gari lililobadilishwa linabaki na namba yake ya usajili. Zilihitajika alama 8. Chasisi asilia ilipewa alama 5. Ekseli, giaboksi, usukani na mfumo wa springi alama 2 kila kimoja. Injini alama 1. Na bodi iliyokaa juu ya chasisi? Sufuri. Ile sura inayowafanya watu wageuke barabarani haikuhesabiwa kabisa. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2025, lakini fikra yake inaeleweka. Hata kitabu cha gari hapa Kenya huandika namba ya chasisi, na mwizi wa magari anajua vizuri kwa nini.

Wapo wanaosema kuvua bodi namna hii ni kuharibu historia, kwa kuwa chasisi kongwe ikishatupwa hairudi. Kama ni nzima, nakubaliana nao: itengenezwe. Lakini kama imeoza, chaguo lililobaki ni bodi kupata miguu mipya au kwenda kwa wauza vyuma chakavu. Mimi nachagua miguu.

Mwaka 2002 General Motors ilionyesha gari la majaribio la AUTOnomy: mitambo yote ndani ya ubao bapa wenye unene wa inchi 6 hivi, na bodi ya kubadilisha juu yake. Wengi wakaona ni maajabu ya kesho. Kwangu yalikuwa ya juzi, yale ya Barker na Park Ward. Miaka 20 baadaye Tesla ikatoa magari ambayo betri yenyewe ni sehemu ya umbo linalobeba mzigo, na viti vimefungwa juu yake. Mpaka ulirudi, ukafutwa tena.

Ninachojifunza ni kwamba kitu huishi zaidi ya aliyekitengeneza kama aliacha mahali pa kukifungulia. Waliobuni ile pikapu ya 1947 hawakujua jina la S-10. Waliacha bolti tu.