Joto la Nyanya Lilienda Wapi?

Wasee, Julai Kisii si mchezo. Mwaka jana, nikiwa nimeacha kampasi, nilikodi bedsita ya mawe hapa tauni. Mabati juu, dari hakuna. Usiku mmoja niliingiza jiko la makaa na kufunga dirisha. Jirani alikuja kuomba chumvi, akanikuta kichwa kinapasuka na miguu imegoma. Sumu ya makaa haina harufu. Chumvi ndiyo iliniokoa.

Nikajiuliza: nyanya yangu huko Nyamira alilala kando ya moto utoto wake wote. Alipona aje?

Jibu ni nyumba. Nyumba ya zamani ya Wagusii ilikuwa ya duara, ukuta wa fito na udongo, paa nene la nyasi. Moto mmoja ulipika na kupasha watu wote joto. Nyasi zilizuia joto kukimbia, lakini moshi ulipata pa kupenyea. Tusidanganyane, moshi huo uliumiza macho na mapafu. Ila kuni kidogo zilitosha. Mabati yalipokuja tukapata heshima kijijini, na joto likapaa.

Wengine walishika njia ya mabomba. Reykjavik, Iceland, mwaka 1930, maji ya chemchemi moto yalianza kupelekwa shuleni na kwenye nyumba za watu. Hapa Kenya, Eburru karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini umekausha pareto tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Pareto, zao lile lile lililosomesha wengi huku Kisii! Na kwenye viwanda vyetu vya chai, boila inachoma kuni, mvuke unapita kwa mabomba kwenda kunyausha na kukausha majani.

Sasa mbona mvuke huo usifike kwa keja zetu? Hesabu inakataa. Bomba hupoteza joto njiani saa zote. Keja ikitaka joto kidogo tu, usiku, miezi michache, unaweza kupoteza mengi kuliko unayofikisha. Labda shule au hospitali iliyo jirani na kiwanda, inayotumia maji moto kila siku.

Kwetu sisi, tuanze na dari. Mwenye ploti akipandisha kodi, muulize dari iko wapi. Nyanya alikuwa nayo, ya nyasi.

Na kama jiko liko chumbani ukisoma hii, litoe nje kwanza. Halafu urudi tubishane.