Umeme wa chaguo-msingi (Santa Monica)

Umeme wa chaguo-msingi ni ule anaopewa mkazi asipochagua mwingine. Huko California, Marekani, sheria ya mwaka 2002 iliziruhusu serikali za miji na kaunti kuwanunulia wakazi wao umeme, huku kampuni ya zamani ikibaki na nguzo, nyaya, mita na ankara. Kaunti ya Marin ilitangulia mwaka 2010. Santa Monica, jiji la pwani jirani na Los Angeles, lilijiunga na Clean Power Alliance, taasisi ya umma yenye viwango vitatu vya huduma. Kila baraza la mji huamua wakazi wake waanzie kipi. Santa Monica lilichagua cha juu kabisa, yaani umeme wote utokane na nishati jadidifu, na kaya zikaanza kuupata Februari 2019. Asiyeutaka hushuka kiwango au hurudi kwa kampuni ya zamani, Southern California Edison. Uamuzi huo wa baraza ni mzito kuliko unavyoonekana, kwani watu wengi hawabadilishi walichopangiwa. Kwa sababu hiyo suala la bei halipaswi kupuuzwa: kiwango cha juu ni ghali zaidi, ila kaya za kipato cha chini zilizosajiliwa kwenye mipango ya punguzo hukipata bila nyongeza.